Mfarishi Ulioshonwa kwa Sura ya Dirisha

Apitaye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja wakati wa alasiri, akainua macho yake juu kidogo ya mlango ulionakshiwa, huenda akakuta nusu duara ya vioo vya rangi: chekundu, cha kijani, cha samawati na cha manjano, vimetawanyika kutoka katikati mithili ya mkia wa tausi. Vioo hivyo havikuwekwa kwa pambo tupu. Vilipunguza ukali wa jua, huku mwenye nyumba akibaki na mwanga wake. Anayetaka kuona vioo vya rangi vilivyotunzwa vyema na aende kwenye lile jengo la Zahanati ya Zamani huko Mizingani, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa mali ya Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki dunia.

Hata hivyo, leo hatukukusudia kuandika habari za majengo. Tumekusudia kuandika habari za mfarishi.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye tangu ujana wake riziki yake imetoka kwenye cherehani, ametuonyesha mfarishi alioushona kwa kuiga dirisha la nyumba aliyolelewa. Nyumba yenyewe ingalipo, lakini dirisha halipo. Liling'olewa wakati wa matengenezo, pakapigwa plaiwudi. "Mwanangu," alimwambia mwandishi wa safu hii, "sikuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa na kichwa changu tu, na kichwa nacho kinazeeka."

Kazi yake ilianza kwa karatasi, wala si kwa nguo. Mchoro huchorwa kwa ukubwa ule ule utakaokuwa wa mfarishi, juu ya karatasi za kaki zilizounganishwa, kwa rula, na kwa kamba iliyofungwa penseli pale inapohitajika nusu duara. Kila kipande hupewa nambari na rangi yake. Kisha mchoro hunakiliwa juu ya nguo ya chini. Yeye alitumia marekani, nguo ambayo wazee wetu waliiita hivyo kwa kuwa ililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Vipande vya rangi, vingi vikiwa ni mabaki ya kazi za mafundi cherehani, hukatwa kwa kufuata nambari, vikapangwa ubavu kwa ubavu bila ya kupandana, vikapigwa bandi. Juu ya kila mpaka wa rangi mbili hulazwa utepe mweusi, nao ndio unaoshika mahali pa ule ukanda wa risasi ambao mafundi wa Ulaya huutumia kushikanisha kioo na kioo.

Siri yote imo katika utepe huo. Haukatwi kwa kufuata uzi wa nguo bali kwa mshazari, kwani nguo iliyokatwa kwa mshazari hunyumbuka na kukubali kupinda, ilhali iliyokatwa wima hukunjamana kwenye mzunguko. Ukikatwa kwa upana wa sentimita 3, pande zake mbili zikakunjwa nyuma na kupigwa pasi, hubaki sentimita 1. Penye mzunguko hushonwa ukingo wa ndani kwanza, ndipo ule wa nje huvutwa ukafuata. Tena ncha ya kila utepe sharti ifichwe chini ya utepe mwingine, kwa hiyo mshonaji hana budi ajue tangu mwanzo upi utangulie na upi ufuate. Akikosea mpango huo, hufumua. Jirani yetu alitumia kaniki, na hapo alipata hasara, maana hakuifua kwanza mpaka maji yake yakatakata. Alipoilowesha ili aipige pasi, ikachuja juu ya kipande cha manjano. Kipande hicho kingalipo pamoja na doa lake.

Mwisho huwekwa blanketi kuukuu katikati na nguo nyingine mgongoni, zikashikanishwa tabaka zote kwa bandi ndogo ndogo kandokando ya tepe.

Kioo hupenywa na nuru, nguo hupigwa na nuru usoni tu. Kwa sababu hiyo rangi zilizofifia hufa kabisa katika kazi hii. Zahitajika zilizokoza, na zizungukwe na weusi ndipo zing'are. Aidha, fundi wa kioo ni shida sana kwake kukata pembe kali inayoingia ndani bila ya kioo kupasuka, hali mkasi waweza kuikata nguo utakavyo. Mshonaji akiutumia uhuru wote wa mkasi, sura ya dirisha hutoweka.

Tulikuwa na neno moja la kumkosoa mama huyu. Katika nyumba zetu vioo vingi vimeshikwa na mbao, si risasi, na kwa maoni yetu utepe wa rangi ya hudhurungi ungekuwa wa kweli zaidi. Alipoambiwa hayo, alijibu kwamba mbao za dirisha lile zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi. Tukanyamaza.

Huko Marekani kazi ya namna hii ina wapenzi wengi, na baadhi yao huiga madirisha ya mhandisi wa majengo Frank Lloyd Wright, aliyeishi kuanzia 1867 hadi 1959, ambaye alipenda mistari iliyonyooka, miraba na pembe kuliko sura za watu na watakatifu. Nyumba aliyomjengea Darwin Martin mjini Buffalo, kuanzia mwaka 1903 hadi 1905, ilijaa madirisha ya aina hiyo. Baada ya mwenyewe kufariki, nyumba ilihamwa mwaka 1937 ikabaki tupu hadi 1954, na madirisha yake mengi yakatawanyika, mengine yakaishia katika majumba ya makumbusho. Ilipokarabatiwa miaka mingi baadaye, baadhi yalirejeshwa na mengine yakatengenezwa upya kwa kufuata mifano iliyosalia. Pasingalikuwa na mifano, pasingalikuwa na la kufuata.

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na wahusika Serikalini. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Matengenezo hayaepukiki, kwani mbao huliwa na mchwa na vioo huvunjika. Twaomba jambo dogo lisilo na gharama kubwa: kila mwenye kupewa ruhusa ya kuondoa dirisha la vioo vya rangi aache kwanza nakala ya mchoro wake kwa ukubwa wake halisi, pamoja na rangi zake, na nakala hizo zihifadhiwe mahali ambapo seremala, mwanafunzi na mshonaji wote wanaweza kuziona bila ya kuzungushwa.

Pili, kuna suala la bei. Mfarishi ule ulimchukua mama yule miezi mitatu. Mwenye duka mmoja wa vitu vya watalii alimpa bei isiyotimiza hata thamani ya nguo na uzi, akasema kwamba mifarishi kutoka nje ni rahisi zaidi. Huenda ni kweli; lakini mifarishi hiyo haina dirisha la Unguja ndani yake, na mnunuzi hawezi kulijua hilo ikiwa hakuna wa kumwambia. Karatasi ndogo iliyoshonewa pembeni, yenye jina la mshonaji na la mtaa lilikotoka dirisha, ingetosha kuanzia. Wanaosimamia maonyesho ya kazi za mikono wanaweza kulidai hilo hata mwaka huu.

Mama yule hakuuza. Wiki iliyopita alipata habari kwamba nyumba ya pili kutoka kwake inatengenezwa. Alikwenda na mjukuu wake wa kike, karatasi ya kaki chini ya kwapa, akamwomba seremala ampe nusu saa. Seremala aliwapa ngazi. Mtoto alipanda akabandika karatasi juu ya vioo, nuru ikapenya nyuma yake, mistari yote ikaonekana. Naye bibi, chini, akawa anauliza rangi moja moja na kuziandika.