Mwalimu wa Watu Wazima Naye Ahitaji Mlezi

Methali husema, Samaki mkunje angali mbichi. Watu wengi huitumia kuonyesha ya kwamba mtu akiisha kupevuka hafundishiki tena. Sivyo. Mwezi wa Januari 2004 Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, naye alikuwa na umri wa miaka 84. Aliketi pamoja na watoto, akajifunza herufi na hesabu, akaendelea na masomo mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 2009.

Basi, ikiwa mtu mzima aweza kujifunza, mbona madarasa mengi ya ngumbaru hujaa watu mwezi wa kwanza, na kufika mwezi wa tatu viti vingi vi wazi?

Jambo hili si geni katika Kenya. Mwezi wa Desemba 1978 Rais Moi alitangaza vita juu ya ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka wa 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaanzishwa. Mwaka huo watu zaidi ya 400,000 walijiandikisha. Lakini katika miaka iliyofuata hesabu yao ilipungua sana. Uchunguzi wa serikali uliofanywa mwaka wa 2006 ulionyesha ya kwamba katika kila watu wazima 100, watu 38 au 39 walikuwa hawajafikia kiasi cha kusoma na kuandika kinachowafaa.

Sababu za watu kuacha masomo ni nyingi: kazi ya shamba, umbali wa njia, magonjwa, na uhaba wa vitabu. Lakini iko sababu moja iwezayo kuondolewa bila ya gharama kubwa. Walimu wengi wa madarasa haya ni vijana waliotoka shuleni, au walimu wa watoto ambao hufundisha watu wazima jioni. Herufi wanazijua vema, lakini hawakuonyeshwa namna ya kukaa na mwanafunzi aliye sawa na baba yao au mama yao.

MTU MZIMA SI MTOTO MKUBWA

Mtoto hupelekwa shuleni na wazazi wake. Mtu mzima huja kwa hiari yake, na kwa hiari yake huondoka. Tena haji na mikono mitupu. Huja na haja yake. Huyu ataka kuisoma karatasi ya uzani apewayo akipeleka kahawa kiwandani. Yule ataka kujua chupa ipi ni dawa ya mtoto na ipi ni dawa ya ng'ombe. Mwingine, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, hulazimika kumpa mtu mwingine simu yake na namba yake ya siri ili amsomee fedha zilizoingia. Na akidanganywa, hana njia ya kujua. Mwalimu asiyeziuliza haja hizi siku ya kwanza ni kama mwenye duka asiyemwuliza mnunuzi ataka nini.

Tena, mtu mzima ana heshima yake kijijini. Akikemewa na kijana mbele ya jirani au mkwewe, hatajibu neno. Ataondoka kimya, wala hatarudi. Mwili wake nao si wa mtoto. Mtu akipita umri wa miaka 40, macho yake huanza kupungua nguvu ya kuona vitu vya karibu. Huenda mwalimu akadhani mwanafunzi ni mzito wa akili, kumbe maandishi ni madogo na taa ni hafifu.

KAZI YA MLEZI

Mambo haya mwalimu hawezi kuyajua yote kwa kusoma kitabu peke yake. Yafaa awe na mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa kumwongoza katika kazi yenyewe. Mlezi si mkaguzi. Mkaguzi huja na daftari kuandika yaliyopunguka, kisha huenda zake. Mlezi huja kusaidia, na hurudi tena.

Kabla ya somo mlezi na mwalimu huketi pamoja, wakakubaliana jambo moja la kuangalia. Mathalan, je, wanawake waketio nyuma nao huulizwa maswali?

Wakati wa somo mlezi hukaa nyuma wala haingilii. Huangalia ni nani aliyesema na ni nani aliyenyamaza. Mwalimu alizungumza kwa muda gani, na wanafunzi kwa muda gani. Nani aliitwa kwa heshima, "Mama" au "Mzee", na nani alinyoshewa kidole tu. Mwalimu akikosea, mlezi hamsahihishi mbele ya darasa.

Baada ya somo huenda kando wawili tu. Kwanza mlezi humwuliza mwalimu mwenyewe aonavyo, maana mara nyingi mwenye kosa hulijua. Kisha humtajia jambo lililofanyika vizuri, na jambo moja tu la kurekebisha, wala si kumi. Ikibidi, siku ya pili mlezi hufundisha mwenyewe, na mwalimu akatazama.

SOMO LIANZE KWA NENO LA MAISHA

Kazi kubwa ya mlezi ni kumsaidia mwalimu kuliunga somo na maisha ya wanafunzi. Katika nchi ya Brazil, miaka ya 1960, Paulo Freire aliwafundisha wakulima na vibarua kwa maneno waliyoyatumia kila siku. Kwanza watu walizungumza juu ya jambo lenyewe; ndipo neno lilipogawanywa katika silabi ili wajitungie maneno mapya.

Lugha ya Kiswahili yafaa sana kwa njia hii. Chukua neno "maji". Kwanza darasa lizungumze: maji hutoka wapi, na nani huyateka? Kisha mwalimu aandike ma, me, mi, mo, mu. Na ja, je, ji, jo, ju. Kwa silabi hizi wanafunzi waweza kuunda wenyewe maneno "moja" na "jiji", tena "jamii" wakiongeza irabu. Mtu aliyeingia akidhani hajui kitu hutoka ameandika neno ambalo hakupewa na mtu.

ASIYEFIKA ATEMBELEWE

Mwanafunzi akikosa kufika mara mbili, mlezi humshauri mwalimu aende nyumbani kwake kama mgeni, si kama askari. Aanze kwa kumjulia hali. Huenda akakuta kuna mgonjwa, au kwamba saa ya darasa ndiyo saa ya kukama ng'ombe. Na saa yaweza kubadilishwa. Tena, aliyetangulia kuelewa apewe kazi ya kumsaidia jirani yake. Frank Laubach, Mmarekani aliyefundisha watu kusoma katika visiwa vya Philippines miaka ya 1930, alieneza mpango huo wa kila mtu kumfundisha mwenzake, nao ulienea katika nchi nyingi.

Mwalimu naye ni mtu mzima anayejifunza. Akiaibishwa na mkubwa wake mchana, mara nyingi atawaaibisha wanafunzi wake jioni. Lakini akisikilizwa, akasahihishwa faraghani, na akasifiwa kwa haki, atakuwa ameonja mwenyewe namna ya kumfundisha mtu mzima. Kwa hiyo wilaya itakayo madarasa yake yasife, pamoja na kuhesabu vitabu na viti, na iulize pia: walimu hawa, ni nani anayewalea?