GARI LINAPOCHEMSHA, USIKIMBILIE KUFUNGUA KIFUNIKO



Mara nyingi tukikutana katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mishahara, likizo na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya maji yanayozunguka ndani ya injini. Msidhani tumeiacha kazi ya chama. Dereva wa lori la samaki, utingo wake, fundi wa kiwandani na mchuma chai anayepandishwa kwenye trela alfajiri, wote wanayategemea maji hayo. Tena wako wenzetu waliokatwa mishahara miezi kadhaa kwa sababu injini iliungua mikononi mwao, na walipoitwa ofisini hawakuweza kueleza iliungua kwa nini. Asiyejua kazi ya chombo chake hawezi kujitetea.

Mwezi wa Oktoba, wakati wa joto kali, tulikuwa Nchelenge kuandikisha wanachama. Pale Kashikishi, karibu na soko la samaki, iko gereji chini ya mwembe. Haina ukuta wala mlango. Ina benchi moja, sanduku la spana, jiko la mkaa, fundi mmoja na vijana watatu. Fundi ni mwenyeji wa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na kwa wachuuzi wa samaki Kiswahili chake ndicho lugha ya kazi.

Siku hiyo chini ya mwembe palikuwa na gari ambalo halikufanana na malori yaliyolizunguka: Datsun 240Z, gari fupi la milango miwili, lenye pua ndefu. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kazi ya mgodi huko Copperbelt. Alirudi nalo nyumbani kwa njia ya Kongo, akavuka daraja la Chembe, akapita Mansa na kushuka bonde la Luapula. Alifika Nchelenge likiwa linatoa mvuke kama sufuria ya nshima. Fundi wa kwanza aliyeliona alimwambia, "Baba, injini imekufa. Uza vyuma." Mzee alikataa. Akalisukuma mpaka chini ya mwembe.

GARI LENYE HISTORIA YA KWETU

Vijana walilicheka gari lile, lakini wazee wa Afrika Mashariki wanalifahamu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 ilishinda tena aina hiyo hiyo, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ilibidi kanuni za mashindano zitumike kumpata mshindi. Kwa hiyo gari hili halikutengenezwa kwa lami laini peke yake. Lilipita matope na vumbi letu, likashinda.

Lakini injini yake ina tabia moja. Bloku ni ya chuma kizito cha kusubu, na kichwa chake, yaani silindahedi, ni cha aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma. Ukiiacha injini ichemke mara nyingi, kichwa hupinda, gasketi huungua, na hapo gharama huwa kubwa kweli.

FUNDI ALIANZIA WAPI

Jambo lililotufurahisha ni kwamba fundi hakushika spana kwanza. Aliuliza. "Baba, lilichemka mlimani au kwenye tambarare? Maji yalipungua kidogo kidogo au kwa ghafula? Hita inafanya kazi?" Mzee akajibu kwamba lilichemka zaidi njiani kuliko mjini, maji yalipungua kila siku, na hita ilifungwa zamani kwa sababu ilimwaga maji miguuni pa abiria.

Kisha alianza na vitu vya bei ndogo.

Kwanza, kifuniko cha rejeta. Injini ilikuwa baridi, akakifungua na kutuonyesha mpira wake wa ndani. Ulikuwa umepasuka. Ndugu, hapa kuna elimu. Ziwa Mweru liko mita zaidi ya 900 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye digrii 97 hivi, wala hayafiki 100. Kifuniko kizima huyabana maji ndani hata yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Kifuniko kikipasuka, maji huchemka mapema na kutoka njiani.

Pili, mkanda wa feni. Aliubonyeza kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili, ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Unatakiwa kubonyea sentimita moja au moja na nusu, basi.

Tatu, themostati, yaani mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Haikuwepo! Fundi fulani aliitoa na kuitupa. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanaipa injini ubaridi. Kuitoa hakuzibui rejeta iliyoziba. Asubuhi ya baridi injini hukaa bila moto wa kutosha, hunywa petroli nyingi, huchakaa upesi, na hita haitoi joto. Fundi alipata nyingine kutoka kwa mfanyabiashara wa spea. Kabla ya kuifunga aliitumbukiza katika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, pamoja na kipimajoto. Ilipofika digrii 82 tukaiona ikianza kufunguka. "Spea mpya nayo huweza kuwa mbovu," alisema. "Ipime kwanza, uifunge baadaye."

Nne, rejeta yenyewe. Kwa nje mapezi yake yalikuwa yamejaa nyasi na wadudu. Kwa ndani kulikuwa na kutu na tope, maana kwa miaka mingi iliwekwa maji ya mto na ya kisima. Waliitoa, wakaisukumia maji kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake ya kawaida. Yakatoka maji mekundu kama udongo wa kichuguu. Waliendelea mpaka yakawa meupe.

Mwisho ndipo akaangalia lile alilolisema fundi wa kwanza. Alijaza maji, akawasha injini ikiwa baridi na kifuniko kiko wazi, akaangalia mdomo wa rejeta. Kama gasketi imeungua, moshi wa silinda huingia ndani ya maji na kutoa mapovu bila kukoma. Hayakuonekana. Akachomoa kijiti cha oili. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Baba, injini yako haijafa," alisema. Mzee aliketi juu ya tairi, akanyamaza kitambo.

HITA SI ANASA

Wengine watauliza, Nchelenge na joto lake, hita ya nini? Lakini panda kutoka Mbereshi, upite karibu na maporomoko ya Ntumbachushi, ufike Kawambwa mwezi wa Juni au Julai alfajiri. Wenzetu wa mashamba ya chai wanaijua baridi ile na ukungu wake. Kioo cha mbele kikifunikwa na mvuke, dereva haoni watu walio barabarani. Hita ndiyo inayokausha kioo.

Hita ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Inapokea maji ya moto ya injini kwa mipira miwili, na feni ndogo hupuliza joto ndani. Ya mzee ilikuwa imetoboka. Fundi aliitoa, akaziba mdomo mmoja, akatia hewa kwa pampu ya baiskeli mdomo wa pili, akaizamisha katika beseni la maji. Mapovu yakaonyesha tundu lilipo. Akalilehemu kwa risasi, akapima tena. Mipira yote miwili aliibadili, maana ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva.

Wakati wa kujaza maji alilielekeza gari pua juu kwenye mteremko, akafungua bomba la hita, akajaza polepole ili hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, injini huweza kuchemka hata kama rejeta imejaa. Na alitia dawa ya rejeta pamoja na maji safi, nusu kwa nusu, kwa sababu chuma na aluminiamu vikikaa pamoja katika maji matupu huliwa na kutu.

Madereva, shikeni na hili: mshale wa joto ukipanda na huna pa kusimama, fungua hita mpaka mwisho na feni yake. Utatoka jasho, lakini joto fulani litatoka katika injini mpaka upate mahali pa kuegesha.

MKONO WA KIJANA

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Kijana mmoja wa gereji alikuwa na kovu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na jingine shingoni. Tulimwuliza. Akasema miezi saba nyuma, akiwa kibarua kwa mwenye malori, lori lilifika likichemka. Bosi alikuwa na haraka ya samaki wasioze. Akapiga kelele, "Fungua, tia maji!" Kijana akafungua.

Mmeelewa sasa kwa nini tulieleza habari ya kifuniko. Maji yaliyobanwa yana joto kupita lile la kuchemka. Ukiondoa kifuniko, mara moja hugeuka mvuke na kuruka. Wakampaka mafuta na unga. Bosi alimpa pesa ya bandeji, na wiki ya tatu akaajiri mwingine. Jina lake halikuwa katika daftari lolote.

Ndugu, tunasema wazi:

1. Injini ikichemka, izime na usubiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Haraka ya bosi haipozi maji.

2. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe mafuta, unga wala dawa ya meno.

3. Dereva aandike katika daftari kila anaporipoti mkanda uliolegea au rejeta inayovuja, na tarehe yake. Siku injini ikiungua, daftari hilo ndilo shahidi wake.

4. Zambia ilitunga Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi mwaka 1999. Lakini fidia huanza na ushahidi kwamba uliajiriwa. Dai jina lako liandikwe tangu siku ya kwanza.

Jioni mzee aliendesha gari lake mpaka ufukweni na kurudi. Mshale ulisimama katikati, haukutikisika. Fundi wa kwanza aliihukumu injini bila kuipima, na bosi yule alimwacha kibarua bila kumsikiliza. Chini ya mwembe tuliona kazi inayoanza kwa kuuliza. Nasi katika chama tufanye vivyo hivyo.

Yule kijana alituomba kadi. Tukaandika jina lake.