Karata Zina Kumbukumbu, Dubwi Halina

Ilongero, mji mdogo ulio kaskazini mwa Singida mjini na ambao ndio makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, hauna kasino. Hata hivyo hesabu inayoendesha kasino imekwisha fika huko, kwa kuwa simu yenye huduma ya fedha inatosha kumwezesha mtu kubeti mechi ya Ulaya akiwa katikati ya shamba lake la alizeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inaitaka biashara hii ifanywe kwa leseni na inamzuia aliye chini ya miaka 18 kushiriki, lakini haigusi hesabu yenyewe.

Msingi wa hesabu hiyo ni uwezekano, yaani kipimo cha jinsi tukio linavyotarajiwa kutokea, kuanzia 0 kwa lisilowezekana hadi 1 kwa lisilo na shaka. Gurudumu la ruleti ya Ulaya lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36, na aliyeweka shilingi 1,000 kwenye namba iliyoshinda hulipwa 35,000 pamoja na kurudishiwa 1,000 yake. Anayeweka 1,000 kwenye kila namba hutoa 37,000 na kupokea 36,000, namba yoyote itokee, na ile 1,000 inayobaki, sawa na asilimia 2.7, ndiyo fungu la mwenye kasino. Hapo hapana sumaku wala uchawi. Pana malipo yaliyowekwa chini kidogo ya uwezekano halisi, na mizunguko mingi.

Mizunguko ya ruleti haitegemeani. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, rangi nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo, na watu wakamwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imewadia, ingawa gurudumu halikuwa na namna ya kujua lilichofanya mzunguko uliotangulia. Imani hiyo hiyo humfanya mtu aendelee kulisha dubwi, yaani mashine ya kamari, sarafu kwa kudhani kwamba, baada ya kumeza nyingi, liko karibu kutema. Katika mashine ambayo programu yake huchagua kila tokeo upya, hasara ya jana haina uzito wowote leo.

Karata ni jambo jingine, kwa sababu iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichanganywe upya. Mchezaji hodari wa arobastini anajua hili bila kufundishwa, kwani huweka akilini turufu zilizokwisha kuchezwa. Katika karata 52 mna ree 4, hivyo uwezekano wa karata ya kwanza kuwa ree ni asilimia 7.7; zikitoka karata 12 bila ree hata moja, uwezekano wa ijayo kuwa ree hupanda hadi asilimia 10, lakini kama ree 3 zimo miongoni mwa hizo 12, hushuka hadi asilimia 2.5.

Juu ya ukweli huo mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alijenga mbinu ya kuhesabu karata katika mchezo wa blackjack, ambao mshindi wake ni anayekaribia 21 bila kuivuka, akaieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1962. Katika namna iliyoenea zaidi baadaye, anayehesabu hujumlisha 1 kila ionekanapo karata ya 2 hadi 6, hutoa 1 kwa kila ya 10, ya picha au ree, na huziacha 7 hadi 9. Jumla ikiwa kubwa, karata kubwa ndizo zilizobaki kwa wingi, nazo humwelemea mgawaji, ambaye kanuni humlazimisha kuongeza karata akiwa na 16 hata kama ataivuka 21, ilhali mchezaji anaruhusiwa kukaa kimya. Hapo ndipo dau huongezwa. Faida yenyewe ni ndogo, takriban asilimia 1, na kasino zilijibu kwa kuchanganya seti sita au nane pamoja, au kwa kumtoa nje anayeshukiwa.

Mkeka, yaani tiketi moja iliyounganisha mechi kadhaa, hufanya kinyume cha mbinu ya Thorp, maana huzidisha fungu la mchezeshaji badala ya kulipunguza. Tuseme kila mechi ina uwezekano wa nusu kwa nusu na odi, yaani namba inayozidishwa na dau kupata malipo, ni 1.90, ambapo malipo ya haki yangekuwa 2.00. Kwa mechi moja mchezeshaji hubaki na wastani wa asilimia 5 ya dau. Kwa mechi kumi uwezekano wa kushinda ni 1 kati ya 1,024, na odi zilizozidishwa hufika takriban 613, hivyo katika kila shilingi 1,000 iliyowekwa zinazorudi kwa wabetiji ni wastani wa 599 tu. Mgahawa wa Ilongero humwona aliyelipwa 613,000. Mikeka elfu moja na ushee iliyochanika haisimuliwi na mtu.

Anayeujua mpira kweli anaweza kukisia vizuri kuliko mpanga odi katika mechi moja moja, na huyo ndiye wa karibu zaidi na mhesabu karata, ila ujuzi wake lazima uzidi asilimia 5 hizo kabla haujamletea senti. Akifaulu mara kwa mara, kampuni inaweza kumpunguzia kiwango cha dau, kama kasino zilivyoongeza seti za karata.