Mwanao akiugua daima, mtafute mzazi mwenzako

Hebu jiweke mahali pa mama wa Nyalenda, Kisumu. Mtoto wake wa miezi minane amevimba viganja na nyayo, na analia usiku kucha. Hospitalini anaambiwa ni selimundu, au sikoseli kama wengi waijuavyo. Anaporudi nyumbani, mumewe anamwambia, "Kwetu hakuna ugonjwa kama huu. Umeutoa kwenu!" Majirani nao wananong'ona habari za uchawi.

Daktari amempa dawa. Mume atajibiwa na nani?

Hapa ndipo anapohitajika mzazi aliyekwisha kuipita njia hiyo. Atawaketisha wote wawili na kuwaeleza kwamba mtoto hurithi selimundu kutoka kwa baba na mama pia. Wote wawili wakiibeba, ingawa hawaugui, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Si laana. Imeenea kandokando ya Ziwa Victoria kwa kuwa anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Kisha atamfunza mama mambo ya kila siku: mtoto anywe maji mara kwa mara, hata shuleni, avae sweta kukiwa na baridi, asikae kwenye maji baridi ya ziwa, alale ndani ya neti. Homa ikipanda, asingoje kuche; akimbizwe hospitalini.

Jambo hili si geni Nyanza. Katika kliniki za Ukimwi, akina mama wanaoishi na virusi wamefunzwa kuwaongoza waja wazito wenzao ili watoto wazaliwe salama. Shirika la mothers2mothers lilianza kazi hiyo Cape Town mwaka 2001, na baadaye likafika Kenya. Mbona wazazi wa watoto wenye selimundu wasisaidiane vivyo hivyo?

Lakini tahadhari! Mzazi mwelekezi si daktari. Asibadilishe dawa za mtoto wa mwenzake, wala asitangaze sokoni siri aliyoambiwa.

Basi ukienda kliniki, usikae kimya kwenye benchi. Msalimu aliye kando yako, umuulize hali ya mwanawe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe uliyekilalia miaka yote hiyo, mbona umwache mwenzako aumwe gizani peke yake?