MLANGO WA HOSPITALI NA SAUTI YA KANISA
Sheria za maeneo yasiyoruhusiwa maandamano, na wajibu wetu huku Kusini

1. Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wanafunzi wa theolojia wamekuwa wakiuliza: Je, ni kweli kwamba huko Uingereza Mkristo aweza kushtakiwa kwa kusali karibu na kliniki? Makala hii inakusudia kueleza sheria hizo zinasema nini, na kisha kuuliza zinatuhusu vipi sisi tunaohudumu Mtwara na vijiji vya mlango wa mto Ruvuma, ambako maandamano ya namna hiyo si desturi.

2. Sheria zenyewe

Mwaka 1993 daktari mmoja alipigwa risasi na kufa nje ya kliniki ya utoaji mimba huko Pensacola, Florida. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza kuwazuia kwa nguvu au kuwatisha wanaoingia katika kliniki. Ni vema tukumbuke kwamba sheria hiyo hiyo ya 1994 inalinda pia watu waingiao katika nyumba za ibada. Mlango wa kliniki na mlango wa kanisa vimewekwa chini ya ulinzi mmoja.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi, zikapima hatua. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2024 inayoweka mita 200 kuzunguka mahali panapotolewa huduma hiyo. Uingereza na Wales ziliweka mita 150, kwa sheria ya 2023 iliyoanza kutumika tarehe 31 Oktoba 2024. Ndani ya mipaka hiyo ni kosa kumzuia mtu, kumsumbua, au kujaribu kumgeuza nia asiende kupata huduma. Adhabu yake ni faini.

Ieleweke kwamba sheria hizi haziamui kama kutoa mimba ni haki au dhambi. Zinaamua tu ni wapi hoja hiyo isisemwe. Mtu aweza kuisema bungeni, gazetini, mimbarini na barabara yoyote nyingine.

3. Mabishano ya dhamiri

Hata hivyo, wanaozipinga hawana hoja nyepesi. Mwezi Novemba 2022 mtu mmoja alisimama kimya karibu na kliniki mjini Bournemouth, akiomba moyoni, ndani ya eneo lililokatazwa kwa amri ya halmashauri. Aliambiwa aondoke, akakataa. Mwezi Oktoba 2024 alitiwa hatiani. Hakufungwa, lakini alitakiwa kulipa gharama za kesi pauni 9,000. Mwanamke aliyeshtakiwa Birmingham kwa jambo la namna hiyo alikuwa ameachiwa huru mwaka 2023. Serikali ikianza kuuliza mtu anawaza nini, imevuka mpaka wa utawala wa kidunia na kuingia katika ule wa kiroho. Mlutheri hawezi kulinyamazia jambo hilo.

Mahakama nazo hazikukubaliana. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilibatilisha sheria ya Massachusetts iliyoweka futi 35, kwa kuwa iliziba njia ya umma kupita kiasi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilikubali muswada wa Ireland ya Kaskazini, ikisema kwamba uhuru wa kusema waweza kuwekewa mipaka midogo kwa ajili ya wagonjwa.

4. Hali yetu

Tanzania haina sheria ya namna hii. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, yampa mtoa mimba hadi miaka 14 gerezani, na kifungu cha 151 yampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Anayetaka kuandamana, popote pale, anatakiwa na sheria ya Jeshi la Polisi kutoa taarifa saa 48 kabla.

Je, basi mlango wa hospitali yetu u wazi? Tumfikirie mwanamke wa Msimbati au Kitaya anayetokwa damu, mimba imeharibika. Hospitali ya Ligula inao utaratibu wa kumtibu, kwa kuwa matibabu baada ya mimba kuharibika ni halali kwa kila mwanamke, hata iwe imetoka kwa sababu gani. Lakini anachelewa kwenda. Hakuna mwenye bango langoni. Kinachomzuia ni hofu ya kuulizwa, na hofu ya washarika watakaomwona. Ulimi umekuwa mpaka mrefu kuliko mita 200.

Hofu hiyo ina sababu. Katika kaunti ya Kilifi, kwenye pwani hii hii ya Waswahili, mwaka 2019 polisi waliingia katika kliniki wakamkamata msichana wa shule aliyekuwa akitibiwa, pamoja na mhudumu wake. Mahakama Kuu ya Malindi ilifuta mashtaka hayo mwaka 2022, ikisisitiza siri iliyopo baina ya mgonjwa na mhudumu.

5. Neno kwa wachungaji

Katekisimo Ndogo yatufundisha Amri ya Tano na ya Nane pamoja. Katika ile ya Tano, Luther hakuishia katika kukataza kuua. Alidai tumsaidie jirani katika shida zote za mwili. Katika ile ya Nane alidai tumtetee jirani, wala tusimharibie jina. Mchungaji atakayefundisha ya kwanza kwa ukali na kuisahau ya pili atakuwa amefundisha nusu ya Neno.

Kwa hiyo Kanisa lisiache kushuhudia kwamba uhai wa mtoto tumboni ni wa Mungu. Ushuhuda huo una mahali pake: darasa la kipaimara, mafundisho ya ndoa, na mimbari. Langoni mwa hospitali tuna kazi nyingine. Wahenga walisema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mchungaji anayemtembelea mgonjwa wodini, na mzee wa kanisa aliyemwona akiingia, ni waosha, waliyoyaona hayatoki. Yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12, alilazimika kupenya katikati ya umati ili amfikie Yesu. Tujihoji kama sisi ndio umati ule, na tumpishe apite.