Mpenzi Wako Anasomea Kupapasa Migongo: Utaweza?

Hebu chukulia laazizi wako kapata chuo Marekani. Mmefurahi, ndugu wamechanga, uwanja wa ndege mmelia mpaka leso zimelowa. Wiki ya pili anapiga simu: "Leo tulikuwa na somo la kupapasa." Kupapasa nini? "Mgongo." Mgongo wa nani? "Wa mwenzangu darasani." Hapo ndipo simu inapoanza kukatakata, na wala tatizo si mtandao!

Kabla hujamnunia mtoto wa watu, tulia kwanza. Mwezi huu tunazungumzia shule ambayo kitabu chake cha kwanza ni mwili wa binadamu: shule ya kairopraktiki. Makala hii ni yako wewe unayefikiria kuanza, na ni yako pia wewe unayebaki nyumbani ukihesabu siku. Maana muhula wa kwanza wa shule hii haumpimi mwanafunzi peke yake. Unawapima wote wawili.

HIYO KAIROPRAKTIKI NI KITU GANI?

Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono. Ni taaluma ya kuchunguza na kutibu matatizo ya viungo, mifupa na misuli, hasa ya mgongo na shingo, kwa kutumia mikono. Usiichanganye na yule mkandaji wa mtaani, wala kinyozi anayekuvuta shingo mpaka ilie "ka!" baada ya kukunyoa. Kwa Marekani, anayefanya kazi hii lazima awe na shahada ya udaktari wa kairopraktiki, afaulu mitihani ya bodi, halafu apate leseni ya jimbo. Masomo yanachukua karibu miaka minne, na ni lazima yafike saa 4,200 kwa uchache. Hiyo ni baada ya kusoma masomo ya chuo kikuu, hasa ya sayansi, kwa miaka kama mitatu hivi. Kwa hiyo anayekwambia anakwenda "kozi fupi ya masaji" hajakuelewesha vizuri.

Mambo yote yalianzia Davenport, mji ulioko kando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa. Mwaka 1895 bwana mmoja mzaliwa wa Kanada, D.D. Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, alisukuma pingili ya mgongo ya Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi. Lillard alikuwa na uziwi wa miaka mingi, na Palmer akadai kuwa umepona. Mwaka 1897 akafungua shule. Mwaka 1906 akawekwa ndani kwa kosa la kutibu watu bila leseni. Chuo cha Palmer bado kipo Davenport, na ndicho kikongwe kuliko vyote vya fani hii.

Sasa sikiliza kasheshe inayomsubiri mwanafunzi mpya. Hadithi ya Lillard ataisikia mapema sana, kwa sababu ndiyo hadithi ya kuzaliwa kwa fani yake. Akiingia kwenye somo la anatomia atajifunza kwamba neva ya kusikia inatoka moja kwa moja kwenye ubongo kwenda sikioni, haipiti kwenye pingili za mgongo kabisa. Hadithi na somo havipikiki chungu kimoja! Na mtihani ukija, kinachosahihishwa ni somo.

Ukweli ni kwamba fani hii imetoka mbali. Madaktari wa hospitali na matabibu hawa waligombana miaka nenda rudi, mpaka mwaka 1987 jaji mmoja wa Marekani akaamua kuwa Chama cha Madaktari cha nchi hiyo kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusia. Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha huko huko kikaiweka tiba ya kunyoosha mgongo kwa mkono miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likaitaja kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno. Ila wote walikiri kuwa ushahidi wenyewe si mzito sana. Na kama kuna mtu anakuahidi kukutibu pumu, kisukari au uziwi kwa kukuvunja shingo, kimbia.

WIKI ZA MWANZO: KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI

Wengi wanadhani siku ya kwanza unaanza kulaza watu kitandani na kuwalia-lia viungo. Thubutu! Muhula wa kwanza ni anatomia, biokemia, seli na tishu, na majina ya Kilatini mpaka kichwa kiume. Pingili zenyewe tu, kabla ya kufika kwenye kifandugu, ni 24: 7 za shingo, 12 za sehemu ya kifua na 5 za kiuno. Kila moja ina mashimo yake, pembe zake na misuli yake, na mwalimu anataka zote. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo ni jozi 31. Mifupa ya mtu mzima ni 206.

Halafu kuna maiti. Vyuo vingi vya fani hii vinafundisha anatomia kwa kupasua miili ya watu waliojitolea wakiwa hai, wakaandika kabisa kwamba wakifa wapewe wanafunzi. Ukiwa umelelewa kwetu, ambako maiti huoshwa, husitiriwa na kuzikwa haraka, hili si jambo dogo. Kuna wanaoshindwa kula nyama wiki nzima. Mpenzi wako akikupigia simu siku hiyo akiwa kimya, usimuulize "mbona umebadilika, umepata mwingine?" Muulize ameona nini leo.

Ndipo linakuja lile somo la kupapasa. Hapa wanafunzi wanafanya mazoezi wao kwa wao, wawili wawili, mgongo ukiwa wazi. Kazi si kuvunja wala kukanda, kazi ni kutafuta. Inamisha shingo yako sasa hivi upapase nyuma chini: ule mfupa uliochomoza, mara nyingi ni pingili ya 7 ya shingo. Weka mikono juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane mgongoni: hapo uko karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Mwanafunzi anarudia mambo hayo kwa mtu mnene, mwembamba, mrefu na mfupi, mpaka vidole vyake vione. Kuna hata zoezi la zamani la kuweka unywele chini ya karatasi na kuutafuta kwa ncha ya kidole. Ukiupata unaongeza karatasi nyingine, na nyingine tena.

Sasa niambie, mtu anayetafuta unywele chini ya karatasi saa nne usiku ana muda wa kutongoza?

KUGUSA KUNA ADABU YAKE

Hili ndilo jambo ambalo wapenzi wengi hawalijui, na likieleweka wivu unapungua nusu. Mguso wa tabibu unaanza mdomoni. Kwanza unamweleza mtu utagusa wapi na kwa nini. Pili unaomba ruhusa. Tatu, akisema basi, mkono unatoka pale pale, hakuna kubembelezana. Mwanafunzi asiyeweza kusema "naomba kugusa hapa" bila kujichekesha-chekesha hajawa tayari kumshika mgonjwa.

Na wewe unayeanza, jua kuwa haki hiyo ni yako pia. Dada unayevaa hijabu, kaka usiyependa kuvua shati mbele za watu, wewe mwenye kovu usilotaka lionwe: andikia chuo kabla hujalipa ada. Uliza mazoezi yanafanywaje, nguo gani zinavaliwa, na kama unaweza kupangiwa mwenzako wa jinsia yako. Jibu watakalokupa litakuonyesha chuo kina heshima kiasi gani.

Wewe wa nyumbani je? Una haki ya kuuliza, na ukauliza bila kufoka. Swali zuri ni "mnafanyaje darasani, nielekeze." Swali baya ni "huyo wa leo alikuwa mzuri?" La kwanza linamfungua mtu, la pili linamfundisha kukuficha.

MWILI WAKO SI DAFTARI LAKE

Akirudi likizo, atatamani kukuonyesha alichojifunza. Kukupapasa atafute pingili, ruksa kama umeridhia, na inaweza kuwa raha! Lakini kukuvuta shingo mpaka ilie, kataa. Mlio wenyewe hauna maajabu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vikivutwa, wakaona kuwa unapotokea mlio, uwazi wa gesi hujitokeza ghafla ndani ya ute wa kiungo. Si mfupa uliorudi mahali pake.

Hatari ni kwamba shingoni hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ni mara chache, lakini mshipa ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Ndiyo maana mwanafunzi anaruhusiwa kutibu akiwa na msimamizi tu, tena baada ya mihula mingi. Mpenzi anayekupenda kweli atakuambia mwenyewe, "Hapana mama, bado sijafika huko."

MUDA NA PESA, ADUI WAWILI

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema. Kati ya Dar es Salaam na Davenport kuna tofauti ya saa 9 wakati wa baridi na 8 wakati wa kiangazi chao. Kwako ikiwa saa mbili usiku umeshaoga na unataka stori, kwake wakati wa baridi ni saa tano asubuhi, yuko darasani. Usisubiri simu itokee tu. Pangeni siku mbili za wiki, saa maalumu, na wiki ya mitihani muafikiane kabisa kuwa ni ujumbe wa "nipo, nakupenda" na basi.

Pesa ndiyo inayovunja wengi. Mwanafunzi wa kigeni hutakiwa kuonyesha kuwa ana fedha za mwaka wa kwanza hata kabla ya viza. Wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, tena ndani ya chuo, na mikopo ya serikali ya Marekani kwa kawaida haimhusu. Kwa hiyo yale mawazo ya "akifika tu ataanza kutuma dola" yafuteni mapema. Mkono mtupu haulambwi, lakini wa mwanafunzi msiukate! Kaeni pamoja na familia zote mbili, mwambizane nani analipa nini, mpaka mwaka gani, na harusi inasubiri au haisubiri. Mchumba aliyeambiwa "miaka minne" anaweza kuamua. Aliyeambiwa "siyo muda mrefu" anaishia kulaumu.

Kuna njia ya karibu zaidi pia. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg vinafundisha fani hii mpaka shahada ya uzamili. Popote utakapochagua, kabla hujalipa hata senti, nenda kwa mamlaka ya afya ya nchi unayotaka kufanyia kazi uulize kwa maandishi: shahada hii inatambuliwa? Leseni itatolewa na nani? Usije ukarudi na joho bila mahali pa kuweka kitanda cha kutibia.

Basi wapenzi, shule ndiyo hiyo. Unayeondoka, jifunze kuomba ruhusa kabla ya kugusa, na jifunze kumsimulia mwenzako siku yako bila kuruka kurasa. Unayebaki, jifunze kuuliza ukiwa tayari kusikia jibu. Mkiona hamuwezi, semeni sasa, kabla tiketi haijakatwa. Kazi kwenu!