Maji ya rejeta yanapotoweka bila kuacha alama

Kutoka Bujumbura hadi Bugarama ni takriban kilomita 35 tu, lakini katika masafa hayo mafupi Barabara ya Taifa Namba 1 hupanda kutoka mita 800 hivi, karibu na Ziwa Tanganyika, hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Yeyote aliyeipita njia hiyo amekwisha kuyaona magari yaliyosimama kando, boneti zikiwa wazi, mvuke ukipaa, na dereva akiwa na kidumu mkononi akitafuta maji. Mengi kati yake ni magari ya abiria yaliyotumika miaka mingi huko Japani kabla ya kuletwa kwetu.

Iko hata hivyo hali nyingine inayomtatiza mwenye gari kuliko kuchemsha kwa ghafla. Gari halivuji, sakafu ya mahali lilipolala ni kavu, moshi hauna dosari ya kuonekana, na bado kila baada ya siku mbili au tatu rejeta hudai nusu lita. Dereva huongeza maji, safari huendelea, na jambo hilo hugeuka kuwa desturi mpaka siku injini inapokufa mlimani ikiwa na abiria ndani. Kwa mtu anayelisha familia kwa gari hilo, siku hiyo ni ya hasara ya miezi mingi.

Maji hayo yana njia tatu tu za kuondokea. Ama yanatoka nje, ama yanaingia katika silinda na kufukuzwa pamoja na moshi, ama yanachanganyika na oili. Kazi ya fundi ni kujua ni njia ipi, na hapo ndipo makosa huanzia, kwa kuwa katika gereji nyingi mtuhumiwa wa kwanza huwa ni gasketi ya silinda hedi. Huenda kweli ikawa ndiyo. Lakini kuifungua silinda hedi ni kazi ya siku kadhaa na ya gharama kubwa, ilhali kizibo cha rejeta huweza kuchunguzwa kwa dakika chache. Ni vyema upelelezi uanze kwenye kitu rahisi.

Kabla ya lolote, upotevu wenyewe upimwe. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa na gari likiwa mahali tambarare, jaza rejeta, kisha weka alama ya utepe kwenye kopo la akiba na uandike kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Linganisha tena baada ya siku kadhaa, saa ileile, injini ikiwa baridi vilevile, maana maji yakipata joto hutanuka na kiwango chake kwenye kopo hupanda. Ikumbukwe pia kwamba rejeta iliyojazwa upya huwa na hewa iliyonaswa ndani. Hewa hiyo ikitoka, kiwango hushuka siku ya kwanza au ya pili bila kuwapo ugonjwa wowote. Wapo waliofunguliwa injini kwa sababu hiyo tu.

Sasa kizibo. Watu wengi hukidhania kuwa ni mfuniko wa kawaida, kama wa sufuria, na kikipotea huziba kwa kitambaa au kwa kizibo cha gari jingine. Kwa hakika kizibo hicho kina vali mbili. Ya kwanza, yenye springi, huyazuia maji chini ya shinikizo. Namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1 kwenye magari ya Kijapani, ndiyo kiasi cha shinikizo hilo. Ya pili ni ndogo, nayo hufunguka injini inapopoa ili maji yaliyokimbilia kwenye kopo la akiba yavutwe tena ndani.

Umuhimu wa shinikizo huonekana zaidi milimani. Kadiri tunavyopanda juu, hewa huwa nyepesi na maji huchemka mapema: kandokando ya ziwa huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi, na Bugarama karibu na nyuzi 93. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 85 hadi 95. Kizibo kizima chenye namba 1.1 huyafanya maji yavumilie mpaka kupita nyuzi 115 hata huko juu, lakini springi ikilegea, maji yatachemka yakiwa katika joto la kawaida la kazi na kumwagika kupitia kopo la akiba. Ndiyo maana gari huweza kuzunguka Buyenzi na Ngagara wiki nzima bila tatizo, kisha likapoteza lita nzima kwa kupanda mlima mara moja. Upepo wa safari hukausha kila kitu, na jioni haionekani hata tone.

Vali ile ndogo nayo ina ishara zake. Ukikuta kopo la akiba limejaa pomoni na rejeta yenyewe imepungua, maji yanatoka lakini hayarudi. Ama vali imekwama, ama mpira mwembamba unaounganisha rejeta na kopo umepasuka na kuvuta hewa badala ya maji. Aidha, vali ikiwa imekwama, mpira mkubwa wa juu wa rejeta huweza kukutwa umebonyea kama chupa iliyofyonzwa injini inapokuwa imepoa. Kizibo kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto: maji yaliyo ndani, yakiachiwa shinikizo ghafla, hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono vibaya.

Kizibo kikionekana kizima, tafuta mvujo unaojificha. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya mhimili wake, lililowekwa makusudi ili silikizo ikichoka maji yatokee hapo. Tone linaloangukia chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, lakini huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi, kutegemea rangi ya dawa ya rejeta iliyotumika. Chukua tochi alfajiri na uutafute ukoko huo kwenye pampu, kwenye vibano vya mipira, na pale sehemu ya plastiki ya rejeta inapobanwa na alumini. Usisahau hita iliyo nyuma ya dashibodi. Zulia lenye unyevu miguuni pa abiria, ukungu wenye utelezi kwenye kioo cha mbele na harufu tamutamu ndani ya gari vyote humshtaki yeye.

Gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia shinikizo hurahisisha yote haya. Hufungwa mahali pa kizibo injini ikiwa baridi, hupigwa mpaka namba ya kizibo bila kuizidi, kisha huachwa dakika 15 au 20. Mshale ukishuka na nje kukiwa kukavu, hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapostahili kutuhumiwa kwa haki.

Dalili zake zinafahamika, ingawa baadhi hudanganya. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa umande tu wa gari linalokwenda safari fupifupi. Ukionekana kwenye kijiti cha kupimia oili, jambo ni zito. Moshi mweupe wa asubuhi ni kawaida, bali ule unaoendelea injini ikiwa imepata joto, wenye harufu tamu, si wa kawaida. Fungua plagi zote na uzipange kwa utaratibu wa silinda: ile iliyo safi kuliko wenzake huenda imekuwa ikioshwa na mvuke. Kipo pia kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya moshi ikipenya ndani ya maji, rangi hugeuka kuwa manjano. Kwa maoni yetu, mwenye gari ana haki ya kuomba kipimo hiki kabla ya kukubali injini ifunguliwe.

Mambo mawili huharibu upelelezi. La kwanza ni kuondoa themostati, jambo linalofanywa mno katika eneo letu: joto hushuka kwa muda, injini hula mafuta zaidi, na chanzo hubaki pale pale. La pili ni kuendelea kuongeza maji ya ziwa au ya kijito. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na ni ya alkali, nayo hula alumini na kuacha magamba kwenye mirija. Dawa ya rejeta ndiyo ifaayo, ila ihifadhiwe mbali na watoto na mifugo, kwa kuwa ina utamu na ni sumu.

Wala usiutegemee mshale wa joto peke yake. Kihisio chake hupima maji. Yakikwisha, hubaki katika hewa na mvuke, na mshale waweza kushuka kwenye baridi huku injini ikiungua. Ukishuka ghafla katikati ya mlima, zima gari papo hapo, na usiliwashe tena mpaka lipoe na kiwango cha maji kikaguliwe. Kijiti cha oili kikionyesha rangi ya maziwa, lisiwashwe kabisa. Livutwe hadi gereji.